Priseti Haina Jirani

Ukiwasha HX Stomp, kitu cha kwanza unachokutana nacho si sauti. Ni orodha. Kifaa chenyewe ni kidogo, kinaingia kwenye begi la laptopu, kina swichi tatu za kukanyaga na kioo kidogo cha rangi, na ndani yake kuna nafasi 126 za priseti. Priseti ni sauti ambayo mtu ameshaipanga kabla yako: amplifaya gani, spika gani, maikrofoni ipi imewekwa mbele ya hiyo spika, mwangwi kiasi gani. Hakuna amplifaya wala spika yoyote ya kweli, ni hesabu tupu zinazoigiza. Unachomeka gitaa, unazungusha kitasa, unasoma majina.

Nimeisoma orodha hiyo mwaka mzima, usiku mwingi kuliko ninavyopenda kukubali. Na nimefika mahali naona tuihukumu kama tunavyohukumu diwani au mkusanyiko wowote wa hadithi fupi. Kuna mhariri. Kuna waliochaguliwa na walioachwa. Na kuna msomaji ambaye mhariri alikuwa akimwazia wakati wa kupanga. Kwa muda mrefu nilidhani tatizo langu liko kwa walioachwa. Siku hizi naona liko kwa huyo msomaji.

Niseme kwanza nilivyofika hapa. Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo iliisha na hamu iliisha, hamu ikitangulia kidogo. Tangu hapo naishi kwa kuandika vitu vya watu, hasa maelezo ya bidhaa na makala za kampuni ambazo hazina jina langu, na wikendi napiga gitaa kwenye bendi ya zilizopendwa. Kifaa nilikinunua mkononi kwa jamaa aliyekuwa akihama nchi. Pesa zilikuwa za kazi ya miezi mitatu. Mathe hadi leo anadhani ni mashine ya kuandikia, nami sijamsahihisha.

Mwaka jana tulipata shoo Nakuru, mzee mmoja alikuwa anatimiza miaka sabini, watoto wake wamekodi bustani ya hoteli, hema, viti vimevalishwa vitambaa, wazee wenzake wamekuja na kofia zao. Hii ndiyo hadhira ambayo bendi kama yetu inaishi kwayo. Wanazijua nyimbo kuliko sisi. Nilikuwa nimejiandaa, manze, nilikuwa nimejiandaa: priseti kumi na nne, moja kwa kila wimbo, kila moja nimeitengeneza usiku ndani ya bedsita yangu Roysambu nikiwa na hedifoni, kwa sababu jirani ana mtoto mchanga. Kwenye hedifoni zilikuwa tamu. Kila moja ilikuwa kama kuingia kwenye chumba chenye zulia.

Kwenye ile bustani hazikusikika. Yaani gitaa lilikuwepo, miksa ilionyesha taa ya kijani, lakini ukisimama mbele unasikia besi, ngoma, kinanda, waimbaji, na mahali pa gitaa la solo pana ukungu. Nikaongeza sauti, ukungu ukaongezeka. Kutoka priseti moja kwenda nyingine kulikuwa na pengo dogo la kimya, kama mtu anayemeza mate katikati ya neno, na mimi nilikuwa nimepanga kubadilisha mara mbili ndani ya wimbo mmoja. Halafu kwenye wimbo wa polepole, wazee wameshikana mikono, nikakanyaga vibaya. Nikatua kwenye priseti ambayo mwenye kifaa wa kwanza aliiacha humo, ya roki nzito, geini imefunguliwa yote. Sitaielezea ile sauti. Mzee mmoja aliachia mkono wa mkewe akageuka kuangalia kama spika imepasuka.

Kiongozi wa bendi alienda kwenye miksa akanishusha hadi chini, na hapo nilikaa mpaka mwisho wa shoo, napiga gitaa ambalo halisikiki. Jioni nilipewa nusu ya hela. Sikubisha.

Mjomba wangu alikuwepo. Anakaa Nakuru, na miaka ya themanini alipiga rithimu kwenye bendi za baa kati ya Nakuru na Eldoret kabla ya kuingia biashara ya vipuri vya matrekta. Alinisaidia kubeba spika hadi kwenye gari kisha akaniuliza, bila hasira yoyote, "Wewe mjomba, ule muda wote unakanyaga-kanyaga, ulikuwa unatafuta nini?"

"Sauti, mjomba."

"Ya kufanyia nini?"

Sikuwa na jibu, na hilo ndilo lililonirudisha kwenye orodha nikiwa na macho mengine.

Tuanze na majina. Watengenezaji wa HX Stomp ni Line 6, kampuni ya Marekani, na kwa kuwa hawawezi kutumia majina ya biashara ya watu wengine kama majina ya modeli zao, wamebuni mafumbo. US Double ni Fender Twin Reverb. Brit Plexi ni Marshall. Cali Rectifire ni Mesa/Boogie Rectifier. Essex A30 ni Vox AC30, na hapa wametania kidogo, kwa sababu Vox zile za zamani zilitengenezwa Dartford, Kent, na Essex iko ng'ambo ya pili ya mto Thames. Ni kama mtu akuambie anatengeneza mashua ya Lamu halafu akuonyeshe karakana ya Kipini.

Ukisoma mafumbo hayo kwa pamoja unaona yameandikwa kama ramani: Marekani, Uingereza, California, Essex. Sauti inatambulishwa kwa mahali ilikozaliwa. Ukitaka kuchagua, unaulizwa kwanza unatoka wapi, au unataka kujifanya unatoka wapi. Mimi nililelewa Njoro. Nilikuwa nazungusha kitasa kama mtu aliye mbele ya dirisha la viza.

Lakini tusikimbilie kulalamika, maana ramani yenyewe ikiisoma vizuri inajicheka. Marshall ya kwanza kabisa, JTM45, ilitoka kwenye duka la muziki la Jim Marshall huko Hanwell, London, mwanzoni mwa miaka ya 60, na mafundi wake waliifuatisha saketi ya Fender Bassman kutoka California, wakaweka vipuri walivyoweza kupata Uingereza na spika tofauti. Bassman yenyewe ilikusudiwa gitaa la besi. Kwa hiyo sauti inayoitwa ya Kiingereza ilianza kama nakala ya kifaa cha Kimarekani kilichotumika kwa kazi isiyo yake. Na modeli ninayoipenda kuliko zote humo, Jazz Rivet 120, ni Roland JC-120, amplifaya ya Kijapani ya mwaka 1975, safi kama maji ya mtungi, ambayo jina lake halitaji nchi yoyote. Nani anakumbuka ni ya Kijapani? Ukweli ni kwamba historia ya amplifaya ni historia ya kunakili, na kifaa changu ni nakala ya nakala. Hilo halinisumbui hata kidogo. Hapa kwetu magitaa ya benga yalijifunza kwa nyatiti yenye nyuzi nane, na hakuna aliyesema D. O. Misiani aliiba kitu.

Lalamiko rahisi, lile ambalo ningeliandika miaka miwili iliyopita na pengine ningelipwa kwa ajili yake, ni kwamba kwenye orodha hakuna benga. Hakuna rumba. Hakuna priseti inayoitwa Nairobi. Ni kweli, kwenye yangu hakuna. Lakini hebu tufikirie mtu wa kule California aamke asubuhi moja akiwa na moyo mzuri atengeneze priseti aiite Nairobi 1978. Angeweka nini ndani? Amplifaya safi, mwangwi kidogo, trebo ya kutosha. Tayari zipo kumi kama hizo. Angekosa kitu kilekile nilichokosa mimi pale Nakuru, na si kwa sababu ni mgeni. Ni kwa sababu priseti, kwa umbo lake, haiwezi kukibeba.

Chukua Les Wanyika. Bendi ilianzishwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika, na ukiwauliza wazee watakutajia kwanza solo la John Ngereza. Muulize mjomba wangu atakutajia rithimu ya Omar Shabani. Mimi nilikuwa nimejaribu kwa wiki mbili kupata "sauti ya Sina Makosa" kwenye kifaa, nikiwa nimefunga hedifoni, narudia kipande kimoja, nashusha besi, napandisha kati, nabadilisha spika. Nilichokuwa nikikitafuta hakikuwa kwenye gitaa la solo. Kilikuwa katikati ya solo na rithimu na besi ya Tom Malanga. Solo inang'aa pale kwa sababu rithimu imekaa chini yake na haijisogezi, na besi imeacha nafasi. Ukilitoa lile gitaa peke yake ukalisikiliza, ni jembamba. Lina ukavu fulani. Mtu akilisikia dukani hatalinunua.

Na hapo ndipo tunamfikia msomaji wa orodha. Priseti ya kiwandani imetungwa kwa ajili ya mtu mmoja, amekaa peke yake, amevaa hedifoni au yuko dukani, ana dakika tano za kuamua kama atatoa pesa. Inabidi impendeze huyo. Kwa hiyo imejaa: besi nene, trebo inayomeremeta, mwangwi wa kanisa kuu, mrudio wa sauti unaokwenda kushoto na kulia. Inafanya kazi ya bendi nzima. Haiachi nafasi kwa sababu haitarajii mtu mwingine kuingia. Ikikutana na mpiga besi inagombana naye, ikikutana na kinanda inakigandamiza, ikifika kwenye spika kubwa za uwanjani mwangwi wake unakutana na mwangwi wa mahali na zote mbili zinakuwa supu.

Kuna fizikia hapa pia, si ladha tu. Mwaka 1933, Fletcher na Munson, watafiti wa Bell Labs, walionyesha kwamba sikio halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba ukosefu huo wa usawa hubadilika kulingana na ukubwa wa sauti. Sauti ikiwa ndogo, sikio linapoteza besi na sehemu ya juu; ikiwa kubwa, zinarudi. Kwa hiyo mimi, saa sita usiku, sauti imeshushwa kwa ajili ya mtoto wa jirani, nilikuwa nasikia upungufu na kuuziba: besi kidogo, trebo kidogo, kati punguza maana inaudhi. Pale Nakuru kwa sauti ya uwanja, vile nilivyoviongeza vikafurika, na kile nilichokipunguza, kati, ndicho kilichokuwa gitaa. Kati ndipo gitaa linapoishi. Uzi mnene wa gitaa ukiwa wazi unatoa takriban hetsi 82. Chini ya hapo kinachotoka ni ngurumo ya kugusa nyuzi na viganja. Besi inaanza hetsi 41 na ina haki ya eneo lake. Na spika ya kweli ya gitaa, ile ya inchi 12, inaanza kufifia ukipita kama hetsi 5,000. Kila kitu nilichokuwa nimekiongeza juu ya hapo kwa ajili ya utamu wa hedifoni kilikuwa ni kelele za nyuki.

Haya yote yako kwenye kila video ya mafunzo, najua. Nilikuwa nimeyatazama. Lakini video zinakupa kama dawa ya jino: kata chini ya 100, kata juu ya 7,000, pandisha kati, nenda salama. Hazisemi kwamba unachokifanya ni kutengeneza nafasi ya mtu mwingine. Mjomba alisema, kwa njia yake, nilipompigia simu wiki iliyofuata. Nilimuuliza zamani wao walichaguaje sauti. Akacheka. Sauti gani, amplifaya ilikuwa ya mwenye baa, na mara nyingi magitaa mawili yalichomekwa kwenye amplifaya hiyo moja. Ulichochagua ni kazi. Kuna mtu wa solo, kuna mtu wa rithimu, kukiwa na pesa kuna mtu wa mi-solo hapo katikati, kuna besi. Ukishajua wewe ni nani usiku huo, vitasa vinajigeuza vyenyewe. Mtu wa rithimu anatafuta pale ambapo mtu wa solo hayuko.

Mi-solo ni neno lililotufikia na rumba kutoka Kongo. Watanzania wanasema sekondi solo. Ni lile gitaa la tatu ambalo halishiki wimbo wala halishiki mapigo, linasokota kitu kidogo kinachorudiarudia kati ya hizo mbili, na wasikilizaji wengi hawajui lipo mpaka siku litakapokosekana. Nawaza sana juu ya gitaa hilo. Hakuna kiwanda kinachoweza kuliuza. Ukimwekea mtu mi-solo peke yake kwenye hedifoni atadhani wimbo haujaanza.

Basi hapa kuna mpango kamili wa kuainisha sauti, umetumika Afrika Mashariki na Kongo kwa miongo, na mimi nilikuwa nimeuacha nyumbani nikaenda kupanga priseti zangu kwa majina ya nyimbo. Kupanga kwa nyimbo kunaonekana ni uangalifu. Ni woga. Ni kama mwanafunzi anayeandika majibu kumi na manne kwenye kiganja kwa sababu hajui mtihani unahusu nini. (Nilimjua mwanafunzi huyo. Tulikaa naye chumba kimoja cha hosteli, na kioo kilikuwa kimoja.) Na kupanga kwa asili, kwa Essex na California, ni kazi ya maktaba. Inamfaa anayetaka kujua vilivyomo. Haimsaidii mwenye nusu sekunde na mguu mmoja.

Niliifuta orodha yote. Nilihifadhi nakala kwenye kompyuta, sina wazimu, lakini kwenye kifaa nikafuta. Ukibonyeza chini sasa unakutana na uwanja mtupu. Kuna benki ya kwanza tu, nafasi tatu kwa swichi tatu.

1A inaitwa RITHIMU. Jazz Rivet, hakuna mkwaruzo, besi imekatwa kwenye hetsi 120, mwangwi karibu na sifuri. Inatoa sauti ambayo peke yake ni ya kusikitisha, kama uji bila sukari, na ndani ya bendi inashika wimbo kama misumari.

1B inaitwa MI-SOLO. Amplifaya ileile. Hili lilinichukua muda kulikubali: amplifaya ileile. Kila video inakuambia una amplifaya zaidi ya sabini, tumia. Lakini bendi inapokusikia ukibadilika kutoka Japani kwenda Essex kwenda California ndani ya dakika nne, haijui ikuwekee nafasi wapi. Mi-solo imesogezwa juu kidogo kwenye kati, na ina mrudio mfupi sana ambao huusikii, unauhisi tu kwenye vidole.

1C ni SOLO. Amplifaya ileile tena, imepandishwa desibeli tatu, kati imepanda karibu na hetsi 1,500, na mwangwi kidogo tu wa kufanya noti isikatike kavu. Desibeli tatu nilizipata kwenye mazoezi, sauti ikiwa juu kama ya shoo, mpiga ngoma akipiga kweli, kiongozi amesimama mwisho wa ukumbi akiinua na kushusha mkono. Nyumbani ningeweka nane.

Ndani ya kila priseti kuna snapshoti, yaani hali tofauti za vitasa vilevile, na kuhama kutoka moja hadi nyingine hakuna lile pengo la kimya. Kwa hiyo solo likipanda mwishoni mwa benga, pale waimbaji wanaponyamaza na gitaa linabaki linakimbizana na besi, sibadilishi priseti, nahama tu ndani ya nyumba. Na mahali pakiwa pabaya, bati, hema, ukumbi wa kanisa wenye sakafu ya vigae, siigusi priseti hata moja. Natumia ikwalaiza ya jumla, ile inayogusa vyote kwa pamoja, halafu nikitoka pale naizima. Hii ndiyo sehemu pekee ya makala hii ambayo mtu anaweza kuikata na kubandika ukutani.

Sasa, nisijifanye nimeokoka. Kuna kitu nimekipoteza na nakihisi. Ile orodha, pamoja na ubinafsi wake, ilinisomesha. Sijawahi kumiliki amplifaya ya valvu. Twin Reverb nimeiona mara moja, jukwaani, kwa mbali, na aliyekuwa akiitumia hakuonekana mtu wa kukukaribisha uiguse. Lakini naijua. Najua inavyokataa kuchafuka hata uipige vipi, najua Vox inavyolia kama kengele ukiikaba, na nimejua tofauti ya maikrofoni iliyowekwa katikati ya koni ya spika na iliyosogezwa pembeni. Nimeyajifunza hayo kitandani Roysambu, stima ikiwepo. Chuo kilichoniambia kimefunga mlango kina maktaba ambayo haikunifundisha nusu ya uvumilivu huo. Anayeidharau orodha kabisa, nadhani hakuwahi kunyimwa vitu vilivyomo.

Ndiyo maana hoja ya "waliokosekana" bado inanivuta shati. Siku hizi kuna njia. Tangu Kemper walipoleta mashine yao mwaka 2011 inawezekana kupiga picha ya amplifaya halisi, ukaibeba tabia yake, na sasa kuna programu ya bure, NAM, inayofanya kazi hiyo kwenye kompyuta ya kawaida. Maana yake mtu yeyote mwenye kiunganishi cha sauti na kompyuta anaweza kwenda kwenye stoo ya bendi ya zamani, Nakuru au Kisumu au Mombasa, akaichukua sauti ya amplifaya iliyobaki kabla panya hawajamaliza spika. Napenda ifanyike. Ningeifanya mwenyewe nikipata nauli na mtu wa kunifungulia stoo. Ila nikishaipata, nitakuwa nimeipata amplifaya, nimeiweka kwenye nafasi ya 2A na jina zuri, na bado nitakuwa mtu mmoja mwenye hedifoni.

Mwezi uliopita mjomba alikuja Nairobi kufuata vipuri na akapita kwenye mazoezi yetu. Akakaa kwenye kiti cha plastiki nyimbo mbili, kisha akanyoosha mkono. Nikampa gitaa la ziada, nikamchomeka kwenye kifaa changu, 1A. Hakukiangalia. Hakuuliza ni amplifaya gani inaigizwa, Japani au Essex. Alipiga mara moja, akasikiliza, akasema, "Punguza hiyo mvuke," akimaanisha mwangwi, ambao nilidhani tayari hauko. Nikapunguza. Halafu akaingia kwenye rithimu na akakaa pale, dakika kama ishirini, hajabadilisha kitu, mguu mmoja umewekwa juu ya mwingine. Mimi nikapiga solo nikiwa nimechomeka moja kwa moja kwenye miksa, sauti kavu kabisa, mbaya kabisa, bila modeli yoyote.

Kiongozi alituambia tukicheza hivyo Jumapili mwenye baa ataongeza mkataba. Mjomba akasema Jumapili yeye anafungua duka.

Kwa hiyo tuko watano kama zamani, na baa inalipa watano. Mimi nahama kati ya 1A na 1C kutegemea wimbo umefika wapi. Nikiwa kwenye solo hakuna rithimu, kinanda kinaziba kinavyoweza. Katikati yake kuna 1B, imeshapangwa, imepimwa kwenye mazoezi, jina lake linaonekana kwenye kioo kila nikipita. Hatuna mtu wa kuipiga.